Nani Atafagia?

Desemba iliyopita tulikaa kikao cha ukoo Butiama, chini ya mwembe ulio mbele ya nyumba ya babu. Ajenda ilikuwa moja tu: chumba cha babu kibomolewe au kiachwe. Nyumba yenyewe ni ndefu na imejengwa kwa vipindi, kila kizazi kikiongeza chumba kadiri ya mfuko wake. Mwisho wa mashariki ndiko kiliko chumba cha babu, cha tofali za udongo, ambacho hakuna aliyelala humo tangu azikwe. Mwisho wa magharibi anaishi shangazi, peke yake, na kuku wake. Paa la mabati ni moja, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Waliotoka Dar es Salaam walisema chumba kisiguswe. Waliotoka Mwanza wakasema hivyo hivyo, tena kwa hisia zaidi. Mimi niliyetoka Bunda, hapo jirani, nilisimama nikatoa hotuba kuhusu kumbukumbu, nikasema mtu asiyejua alikotoka hajui aendako, watu wakaitikia. Shangazi alitusikiliza wote, mikono ikiwa mapajani. Tulipomaliza akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sawa, wanangu. Nani atafagia?"

Hakuna aliyejibu. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akatoa simu mfukoni. Mimi niliangalia chini, na sababu haikuwa ile nyumba peke yake. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimekutana na swali hilo hilo mahali pengine kabisa, nikalikwepa.

*

Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa redio. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo na kujaa Benaco, wilayani Ngara, alipata kazi ya kuendesha redio koli katika shirika moja la misaada. Watu takribani robo milioni walivuka mpaka kwa siku moja hivi, na simu hakuna. Dawa, mahindi, mahema, idadi ya wagonjwa, vyote vilisafiri kwa simu ya upepo. Kwanza ilikuwa sauti: mtu anasoma orodha, mwenzake upande wa pili anaandika na kukosea. Baadaye zikaja modemu, na redio ile ile ikaanza kubeba maandishi.

Shirika lilipofunga ofisi, yeye alirudi Musoma na boksi moja la modemu ambalo lingetupwa. Alipata leseni ya redio ya ridhaa, ile ambayo mtu huendesha bila malipo na bila biashara, kwa kujifunza tu na kuwasiliana. Alama za mwito za Tanzania huanza na 5H, kama za Kenya zinavyoanza na 5Z na za Uganda 5X. Alama yake aliiandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa chumba chake pale Nyasho, na majirani wengi walidhani ni namba ya nyumba.

Nilikuwa kidato cha pili aliponionyesha kwa mara ya kwanza. Redio, boksi, kompyuta kuukuu yenye Linux. Aliandika neno moja, akabonyeza, redio ikatoa mlio mfupi kama wa chura aliyekanyagwa. "Umesikia?" akaniuliza. "Hayo yalikuwa maandishi."

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Kompyuta inakata ujumbe katika vipande, yaani pakiti. Kila pakiti inaandikwa juu yake inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani, kwa alama za mwito. Modemu inageuza moja na sifuri kuwa sauti mbili, nyembamba na nene, na redio inazirusha. Kituo cha mbali kikipokea, kinajibu kwamba kimepokea. Kisipojibu, kituo cha kwanza kinasubiri na kurudia. Katika Linux, mpangilio wa kawaida ni kurudia hadi mara 10, ndipo kikate tamaa. Kanuni hizi zinaitwa AX.25. Toleo lake lililoenea sana ni la mwaka 1984, na zilichotwa kutoka X.25, kanuni za mitandao ya makampuni ya simu.

Kasi yake ni ya kuchekesha. Biti 1,200 kwa sekunde, yaani kama herufi 150. Picha moja ya simu yenye megabaiti mbili ingechukua zaidi ya saa tatu na nusu, ikiwa hakuna pakiti hata moja inayopotea. Lakini ujumbe wa maneno ishirini unafika kabla hujavuta pumzi ya pili, na hauhitaji mnara wa kampuni yoyote wala vocha.

Baba mdogo alijenga vituo vitatu. Kimoja Nyasho, Musoma. Kimoja kwangu Bunda, nilipofungua kibanda cha kutengeneza kompyuta, baada ya mimi pia kupata leseni. Cha tatu kilikuwa Butiama, nyumbani kwa babu, kwa sababu Butiama iko juu na antena yake iliweza kusikia pande zote mbili. Antena ile ilifungwa kwenye mti ulio nyuma ya chumba cha babu. Kwa miaka kadhaa tulitumiana ujumbe kila jioni: bei ya dagaa Mwigobero, mvua, nani anaumwa. Simu za mkononi zilikuwapo tayari. Tulifanya hivyo kwa sababu tulipenda.

Alifariki mwaka 2019. Vituo vyote vitatu niliviacha vikiwaka.

*

Mambo haya hayakuwa ya familia yetu peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa Afrika Mashariki walikuwa wakipata barua pepe kwa njia ya jamii hiyo hiyo. Daktari wa moyo Bernard Lown wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa jumuiya ya madaktari iliyopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1985, alianzisha pia shirika la SatelLife. Mtandao wake uliitwa HealthNet, na Tanzania ilikuwamo. Satelaiti ndogo zilizotengenezwa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, zilikuwa zikipita juu mara chache kwa siku. Ya kwanza waliyoitumia ilirushwa Januari 1990. Satelaiti ikitokea kwenye upeo wa macho, kituo cha chini kilikuwa na dakika chache tu za kupandisha barua zake na kushusha zilizokuwa zikisubiri. Pakiti zilizopanda na kushuka zilikuwa za AX.25.

Kwa hiyo nikisikia mtu akiita teknolojia hii mchezo wa wazee wa Ulaya wenye pensheni, damu hunichemka kidogo. Kuna daktari wa hapa kwetu aliyewahi kuuliza kipimo cha dawa kwa njia hii na kujibiwa kabla intaneti haijafika mlangoni kwake.

Katika Linux, AX.25 iliingia miaka ya 1990. Alan Cox, mmoja wa wajenzi wakubwa wa mwanzo wa Linux, alikuwa Swansea, Wales, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa redio, alama yake GW4PTS. Linux ilikuwa ingali changa. Linus Torvalds alikuwa ameianzisha Helsinki mwaka 1991. Wajenzi wachache waliweka ndani ya kiini cha mfumo kila walichokipenda. AX.25 iliwekwa humo, na ndugu zake NET/ROM na ROSE, ambazo husaidia pakiti kupata njia kutoka kituo hadi kituo.

Neno "kiini" linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu hoja yote inakaa hapo. Kiini, au keneli, ni sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia vyote: kumbukumbu, diski, mtandao, nani aruhusiwe nini. Programu ya kawaida ikiharibika, inaanguka peke yake. Kiini kikiharibika, kila kitu kinaanguka, na mwizi akiingia kwenye kiini, ameingia kila mahali. Ni nyumba yenye paa moja.

*

Mwaka jana nilisoma hoja ya kuiondoa AX.25 kwenye kiini. Haikuwa hoja mpya. Protokali nyingine kuukuu zilikwisha kuondolewa: IPX ilitoka mwaka 2018, DECnet ikatoka 2022, na dunia haikusimama. Waliotaka kuondoa AX.25 walitoa sababu ambazo mtu yeyote angeweza kuzitabiri. Msimbo ni wa zamani. Watumiaji ni wachache. Kasoro zinazidi kugunduliwa. Na hakuna mtu wa kutosha wa kuzirekebisha.

Nilikasirika. Nilikaa kibandani Bunda mpaka saa nne usiku nikaandika barua ndefu ya kupinga. Niliandika kuhusu Ngara. Niliandika kuhusu HealthNet. Niliandika kwamba "watumiaji wachache" ni maneno ya mtu anayehesabu akiwa amesimama mahali pamoja. Ilikuwa barua nzuri, naamini hivyo hadi leo.

Kabla ya kuituma nikataka kuongeza takwimu, kuthibitisha kwamba mtandao wa vituo vyetu vitatu u hai. Nikafungua kumbukumbu za kituo cha Bunda. Kituo kilikuwa kizima. Kila baada ya dakika 10 kilirusha mlio wake: alama ya mwito, na neno moja ambalo baba mdogo aliliweka kwenye vituo vyote, NIPO. Nikatafuta mara ya mwisho kituo kingine kilipojibu. Nikarudi nyuma mwezi, miezi mitatu, mwaka. Ilikuwa miezi kumi na minne. Kituo cha Butiama kilikuwa kimekufa, labda betri, labda radi, na sikuwa nimejua. Kituo cha Musoma kilikuwa kikisema NIPO na cha Bunda kikisema NIPO, na hapakuwa na aliyesikia mwenzake.

Sikuituma barua.

*

Nataka nieleze vizuri kilichonizuia, kwa sababu haikuwa aibu tu.

Kasoro nyingi zilizopatikana kwenye msimbo wa AX.25 ni za aina moja. Kiini kinapotoa kipande cha kumbukumbu kwa kazi fulani, huweka hesabu ya wangapi wanakitumia. Anayeanza kukitumia huongeza moja. Anayemaliza hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, kipande hurudishwa ghalani kigawiwe kwa mwingine. Ukikosea hesabu upande mmoja, kipande kitarudishwa wakati kuna mtu bado amekishika, na yule atakayegawiwa anaweza kuandika humo atakacho. Hapo ndipo mwizi hupenya. Ukikosea upande wa pili, kipande hakitarudishwa kamwe. Kitashikiliwa milele kwa niaba ya mtu aliyeondoka zamani. Mwaka 2022, na tena 2024, watu walirekebisha makosa ya hesabu hizo ndani ya AX.25.

Nilisoma marekebisho yale nikacheka peke yangu. Msimbo ulikuwa unakosea jambo lile lile tunalogombania sisi: nani bado anatumia, na nani ameondoka.

Lakini tuje kwenye mwizi. Miaka michache iliyopita mwizi aliingia kwa shangazi usiku. Hakuvunja mlango wake. Mlango wake una komeo la chuma. Aliingia kupitia dirisha la chumba cha babu, ambalo mbao zake zilikuwa zimeliwa na mchwa. Akapanda darini, akatambaa chini ya mabati hadi mwisho wa magharibi, akashuka chumbani kwa shangazi. Alichukua simu, redio, na fedha za mauzo ya mahindi. Shangazi alijifanya amelala. Anasema hicho ndicho kilichomuuma zaidi: kulala huku macho yamefumba kwa nguvu, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Chumba ambacho hakuna anayekitumia kilimgharimu mtu ambaye hakuwahi kukihitaji. Ndivyo ilivyo kwa kiini. Mamilioni ya mashine zinabeba msimbo wa AX.25 bila wenyewe kujua, kwenye mabenki, hospitali na shule. Mmiliki wa seva hana habari na pakiti za redio, lakini dirisha lililoliwa na mchwa liko chini ya paa lake. Ubuntu wameweka kufuli: moduli hizi hazipakiwi zenyewe mpaka mwenye mashine aziite. Ni jambo la busara, kama shangazi alivyopigilia mbao mpya dirishani kesho yake. Ila kufuli haliondoi mchwa. Na kila wajenzi wa kiini walipobadilisha namna mtandao unavyofanya kazi, iliwabidi waingie pia kwenye chumba hiki kibadilike pamoja na vingine, kama mtu anavyobadilisha mabati ya nyumba nzima. Google wana roboti iitwayo syzbot, inayoshinda ikirushia kiini amri za ovyo ovyo ili kuona wapi kitaanguka. Roboti haichoki. Ilipopata kasoro kwenye AX.25 iliripoti, na binadamu fulani aliyekuwa na kazi nyingine ilimbidi aache kazi hiyo aende kufagia.

Binadamu huyo ni nani? Linux ina faili liitwalo MAINTAINERS, linaloorodhesha kila sehemu ya kiini na mtunzaji wake. Kuna sehemu ambazo mtu analipwa kuzitunza. Kuna zenye mtunzaji wa kujitolea. Kuna zinazoguswa kwa nadra. Halafu kuna sehemu zilizoandikwa neno moja: Orphan. Yatima. Neno zito kulikuta katikati ya msimbo. Kwetu mtoto yatima ana ndugu wa kumchukua. Ukoo unakaa, unaamua anakwenda kwa nani. Aibu haimwangukii yatima. Inauangukia ukoo uliokuja msibani, ukalia sana, ukaondoka bila mtu kumshika mtoto mkono.

*

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa sababu lilikuwa langu. Uchache si hatia. Mkoa wa Mara una lugha nyingi, na baadhi zina wasemaji wachache sana ukilinganisha na Kiswahili: Kizanaki, Kiikizu, Kikabwa, Kisimbiti. Mtu akisema "wanaotumia ni wachache, tuifute", tutamwona mshenzi. Kwa nini msimbo wa wachache uhukumiwe kwa wingi wa vichwa? Tena vichwa vinahesabiwaje? Kiini cha Linux hakipeleki taarifa popote kusema nani anatumia nini. Aliye na redio kijijini, asiyejua Kiingereza cha mijadala ile, hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Ukimya wake unasomwa kama kutokuwapo.

Pingamizi hili lina nguvu na sitaki kulidharau. Ndiyo sababu naamini yeyote anayetaka kuondoa kitu ana deni kwanza. Atangaze mapema na kwa sauti. Atoe muda. Aonyeshe njia nyingine ilipo. Aulize "nani anatumia?" kama mtu anayetaka kujibiwa. Mwenye nguvu akifuta bila kuuliza, amefanya ubabe, hata kama hesabu zake ni sahihi.

Lakini nikiutazama mfano wa lugha kwa karibu unanigeuka. Mimi naelewa Kizanaki. Bibi akisema nacheka mahali pa kucheka. Kukizungumza, nababaika. Mwanangu hajui hata salamu. Na bado ni mimi, kwenye kila msiba na harusi, ninayelalamika kwamba lugha inapotea. Inapotea wapi? Inapotea mdomoni mwangu. Shangazi hajawahi kutoa hotuba kuhusu Kizanaki. Anakitumia kufukuza kuku.

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nataka usiku ule kibandani. Sikuwa mtumiaji niliyesahauliwa. Nilikuwa mfiwa. Nilitaka mlio ule wa chura uendelee kuwepo duniani kwa sababu ulikuwa sauti ya baba mdogo, na nilitaka watu nisiowajua, Ujerumani na Marekani, waamke usiku kurekebisha hesabu za kumbukumbu ili huzuni yangu ipate mahali pa kukaa. Kwa miaka kumi na zaidi nilikula matunda ya kazi yao. Sijawahi kuripoti kasoro hata moja. Sijawahi kupima toleo jipya nikasema linafanya kazi. Sijawahi kuandika hata asante.

Sisi tuliokulia karibu na kaburi la Mwalimu pale Mwitongo tulifundishwa mapema neno unyonyaji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi asiishi kwa jasho la mwingine. Tulipokuwa shule tulimchora mnyonyaji akiwa na tumbo kubwa na sigara. Hatukufundishwa kwamba mtu mwembamba, mwenye kibanda Bunda, anaweza kunyonya kwa jina la kumbukumbu. Kumbukumbu ikitunzwa kwa mgongo wa mtu mwingine, bila ridhaa yake, ni kazi ya kulazimishwa, hata ikiwa imefunikwa kwa hotuba tamu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa mgeni kwenye msimbo ule tangu nikiwa kidato cha pili, na jembe sikuwahi kulishika.

Hapa mtu atasema: basi unataka kila mtumiaji awe fundi? Hapana. Mgonjwa hadaiwi udaktari. Anayetegemea kitu kwa uhai wake ana haki ambayo mpenzi wa kumbukumbu hana. Kama AX.25 ingekuwa leo bado inabeba maswali ya dawa kutoka kituo cha afya kisicho na njia nyingine, ningesema itunzwe hata na wasioipenda, na gharama ibebwe na wote, kama tunavyobeba gharama ya barabara inayokwenda kijiji cha mwisho. Hitaji linaweza kumdai asiyehusika. Huzuni haiwezi. Huzuni inanidai mimi mwenyewe.

Na kuondoa hakulingani na kuua. Hili nililijua siku zote kama fundi, ila nilijificha nisilione. Kuna programu kama Dire Wolf, na nyingine iitwayo LinBPQ, zinazofanya kazi ya AX.25 nje ya kiini, kama programu za kawaida. Zikianguka, zinaanguka peke yake. Msimbo wa zamani nao haupotei. Historia ya kiini imehifadhiwa, na yeyote anaweza kurudi akauchukua na kuujengea nyumba yake. Chumba kinahamishwa kutoka chini ya paa la wote na kuwa kibanda kinachojitegemea, ambacho kitasimama maadamu yupo wa kukiezeka.

*

Nilitumia wiki mbili kuhamisha vituo. Kile cha Bunda sasa kinatumia Dire Wolf, bila kuhitaji chochote cha AX.25 ndani ya kiini. Kazi ilikuwa ndogo kuliko barua niliyoiandika. Nilikuta jambo moja halifanyi kazi kama maelezo yanavyosema kwenye modemu yangu kuukuu, nikaandika taarifa fupi, aya nne, kwa Kiingereza changu cha kibandani. Nilijibiwa kesho yake kwa adabu, nikaulizwa nipime kitu kimoja zaidi. Nikapima. Ni fagio dogo sana, la upande mmoja wa uwanja. Lakini ni mara yangu ya kwanza.

Kuhusu nyumba, siku ile baada ya swali la shangazi tulikaa kimya muda mrefu kidogo. Halafu shemeji mmoja akapendekeza tuchange tumlipe kijana wa kufagia. Shangazi akatikisa kichwa. "Mtachanga miezi miwili," alisema, "mwezi wa tatu mtaniambia mtandao unasumbua." Watu walicheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mwishowe tulikubaliana hivi. Chumba kibomolewe, ukuta wa shangazi ujengwe upya kwa tofali za kuchoma, na paa lake likatwe lijitegemee. Mlango wa babu na kitanda chake nilivichukua mimi, kwa kuwa ndimi niliyepiga kelele zaidi. Viko Bunda, nyuma ya kibanda, na vinachukua nafasi ambayo ningeweza kuweka printa. Ndiyo gharama, na ninailipa mimi.

Siku ya kubomoa nilipanda mtini kushusha antena. Nyaya zilikuwa zimeota kutu, na chini yake nikakuta boksi la kituo cha Butiama, limejaa viota vya nyigu, betri imevimba. Shangazi alikuwa amesimama chini akinitazama, ufagio mkononi.

"Shangazi, hiki kitu kilizima lini?"

"Tangu mwaka juzi, mvua za masika. Kilipiga kelele kidogo, kikanyamaza."

"Mbona hukuniambia?"

Alinitazama kwa muda. "Nilikupigia simu," alisema. "Mara mbili, tatu. Hukupokea, nikajua uko na kazi."

Nilishuka na antena begani. Yeye akaanza kufagia majani yaliyoanguka chini ya mti, nami nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta ufagio wa pili.